Mmoja Juu, Mmoja Chini: Hirola na Fuko Uchi wa Garissa

Kati ya Mto Tana na mpaka wa Somalia wanaishi wanyama wawili ambao dunia imewapa uzito, kila mmoja kwa sababu iliyo kinyume na ya mwenzake. Wa kwanza ni hirola, swala wa rangi ya mchanga ambaye leo hafiki idadi ya 500 duniani kote, na hakuna bustani ya wanyama ya nchi yoyote inayomfuga hata mmoja. Wa pili ni fuko uchi, kiumbe mdogo asiye na manyoya. Maelfu ya fuko hawa wanaishi ndani ya mabomba ya plastiki katika maabara za Marekani, Ulaya, Japani na Afrika Kusini, ilhali katika nyika za Garissa hakuna anayehangaika kuwahesabu. Hirola anatafutwa ili asife. Fuko anatafutwa ili sisi tusife.

Kuwaweka katika mizani moja kunaweza kuonekana mchezo. Mmoja ana kwato na pembe na huzidi kilo 80. Mwingine ana gramu 35 na huenda asilione jua maisha yake yote. Lakini ardhi ni moja. Mvua ni ile ile ya misimu miwili, gu na deyr, inayofika kwa mwaka mwema na kukataa kabisa kwa mwaka mbaya. Jirani ni yule yule, mfugaji wa Kisomali na ng'ombe, ngamia na mbuzi wake. Pamoja na hayo yote, mmoja amefika ukingoni mwa kutoweka na mwingine ameandikwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile katika daraja la wasiotia wasiwasi. Jibu linalokuja haraka ni kwamba aliye dhaifu hufa na aliye hodari hubaki. Ukilichunguza, jibu hilo halisimami.

Tuanze na huyu wa juu. Mwaka 1888 mwindaji Mwingereza H. C. V. Hunter alikuta swala asiyemfahamu karibu na Mto Tana, na mwaka uliofuata mwanazuolojia Philip Sclater akamtangaza rasmi katika vitabu vya sayansi. Wafugaji, bila shaka, walikuwa wakimjua siku nyingi. Wasomali humwita arawla, na ndiko lilikotoka jina la Hifadhi ya Arawale. Ana mstari mweupe unaokatiza kati ya macho kama miwani, na tezi kubwa chini ya kila jicho, ndiyo maana wengine wakamwita swala wa macho manne. Ni ndugu wa mbali wa kongoni, nyamera na nyumbu, lakini katika jenasi yake, Beatragus, amebaki peke yake. Jamaa zake wa zamani, waliokuwa wakubwa kuliko yeye, wamefukuliwa wakiwa mifupa huko Olduvai. Kwa hiyo akipotea hirola, hapotei swala mmoja kati ya swala wengi wanaofanana. Unafungwa ukoo mzima.

Na wala si mnyama legelege. Hustahimili jua la jilaal, kiangazi kirefu, hukaa muda mrefu bila kunywa maji, na hujua kutafuta nyasi fupi mbichi mahali ambapo mtu angeona vumbi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 makadirio yalimweka kati ya 10,000 na 15,000 upande wa Kenya. Nchi ile ile, joto lile lile, chui na fisi wale wale, naye alikuwa tele. Kama udhaifu ungekuwa wa mwili wake, angekwisha zamani.

Huyu wa chini alitangazwa mapema zaidi, mwaka 1842, na Mjerumani Eduard Rüppell aliyempata Ethiopia. Nchi yake ni Pembe ya Afrika yote yenye ukame: Somalia, mashariki ya Ethiopia, Jibuti, na Kenya ya kaskazini na mashariki mpaka Tsavo. Ana ngozi ya waridi iliyokunjamana kama kidole kilichokaa majini siku nzima, macho madogo yasiyoona vizuri, na meno manne yanayotokeza nje ya midomo ili aweze kuchimba bila kumeza udongo. Kwa nasaba yuko karibu na nungunungu kuliko panya wa nyumbani. Anayepita njia ya Masalani au Hulugho baada ya mvua anaweza kuona dalili yake pekee ya juu ya ardhi: kilima kidogo cha udongo chenye tundu katikati, na udongo unaorushwa nje kwa mateke. Hapo ndipo nyoka humvizia, maana ndiyo sehemu pekee ambapo ngome yake ina mlango wazi.

Umaarufu wake ulianza kwa ubashiri. Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani Richard Alexander, mtaalamu wa wadudu, alikuwa akieleza jinsi mnyama wa kunyonyesha angekuwa kama angeishi maisha ya mchwa: angekaa chini ya ardhi ngumu, angekula viazi vikubwa vya porini, na mmoja tu katika kundi ndiye angezaa. Alikuwa akibuni mnyama asiyejulikana. Kumbe Jennifer Jarvis, aliyekuwa ameanza kuwachunguza fuko nchini Kenya tangu miaka ya 1960, alikuwa naye mkononi. Mwaka 1981 Jarvis alichapisha makala katika jarida la Science akionyesha kwamba kundi la fuko uchi lina malkia mmoja anayezaa, dume mmoja hadi watatu wanaopandana naye, na wengine wote ni wachimbaji, walezi na askari. Kundi la kawaida lina fuko 70 hadi 80. Yapo yaliyokaribia 300.

Baada ya hapo maabara zikafunguka. Fuko huyu huishi zaidi ya miaka 30 katika kifungo, wakati panya wa ukubwa wake hafiki minne. Saratani kwake ni nadra mno. Ilichukua hadi mwaka 2016 kuripotiwa visa vichache kutoka bustani za wanyama. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba anaweza kukaa dakika 18 bila oksijeni kabisa na kuzinduka, kwa kuacha kutumia sukari ya kawaida na kuchoma sukari ya matunda, jambo ambalo mimea hulifanya. Tindikali haimuumi. Mwaka 2013 jarida lile la Science lilimpa heshima ya mnyama mwenye uti wa mgongo wa mwaka. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake walitazama kumbukumbu za fuko zaidi ya 3,000 na kukuta kwamba hatari ya kufa haiongezeki kadiri umri unavyosogea, kinyume na binadamu, ng'ombe na karibu kila mnyama tunayemjua. Hapa inafaa kutia breki kidogo, kwa kuwa umri huo ni wa maabara, penye chakula na pasipo nyoka. Porini fuko wengi wa kazi hufa au hutoweka mapema zaidi, na ni malkia anayedumu.

Basi msomaji atasema: tazama, huyu ana silaha za mwili ambazo hirola hana. Ni kweli. Lakini silaha hizo hazijibu swali la kwa nini hirola, aliyeishi vizuri bila silaha hizo kwa muda mrefu kupita kiasi, akaporomoka ndani ya muongo mmoja.

Kilichotokea kinajulikana. Katikati ya miaka ya 1980 ukame na sotoka vilikuja pamoja. Sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe, lakini hauchagui mwenye kwato zilizopasuka. Nyati, nyumbu, kongoni na hirola wote huupata. Inakadiriwa kwamba kati ya 1983 na 1985 hirola walipungua kwa asilimia 85 hadi 90. Nchi hii, kwa bahati mbaya, ndiyo iliyokuwa kimbilio la mwisho la ugonjwa huo duniani: kisa cha mwisho kuthibitishwa kilipatikana mwaka 2001 kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, juu kidogo kwenye bonde la Tana. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa kabisa, baada ya ndui.

Hapo ndipo kisa kinapoanza kuvutia. Serengeti nao walipata sotoka. Ng'ombe walipochanjwa, nyumbu waliokuwa kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipanda hadi milioni na zaidi kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Ugonjwa ulipoondoka, wanyama walirudi. Garissa ugonjwa uliondoka, na hirola hawakurudi. Miaka thelathini wamebaki pale pale, mia nne na kitu, wakipanda kidogo na kushuka kidogo.

Aliyelifuatilia jambo hili kwa makini kuliko wote ni mwana wa Garissa mwenyewe, Abdullahi Hussein Ali, aliyefanya shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wyoming na kuanzisha Mpango wa Uhifadhi wa Hirola. Mwaka 2020 alipewa Tuzo ya Whitley huko Uingereza. Yeye na wenzake walifunga vifaa vya kufuatilia shingoni mwa hirola, wakalinganisha mahali wanapopendelea kukaa na picha za setilaiti za miaka mingi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yanastahili kusomwa polepole: kati ya 1985 na 2012 eneo lililofunikwa na miti katika makazi ya hirola liliongezeka kwa asilimia 251. Nchi ya nyasi imegeuka kuwa kichaka. Na hirola, mla nyasi fupi anayependa kuona mbali ili simba na mbwa mwitu wasimvizie, huikwepa miti kama mtu anavyokwepa uchochoro wa giza.

Miti imetoka wapi? Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwamaliza ndovu wa mashariki ya Kenya kwa kasi ya kutisha. Ndovu ndiye aliyekuwa akiangusha na kung'oa miche ya miiba kabla haijawa msitu. Ng'ombe nao walizidi mahali pamoja, hasa baada ya visima vya kuchimbwa kuwafanya watu watulie. Nyasi zilipoliwa hadi mizizini, moto ukakosa kitu cha kuchoma, na moto ndio uliokuwa mfyekaji wa pili. Ukiondoa wafyekaji wote wawili, mgunga unachukua nchi. Ajabu ni kwamba kaunti hii hii inalia kwa kukosa kuni kuzunguka kambi za wakimbizi za Dadaab na kulia kwa wingi wa miti kusini mwake.

Nadhani ufunguo wa kulinganisha wanyama hawa wawili uko hapo. Hirola anaishi kwa kazi ya wengine. Malisho yake yalitengenezwa na ndovu, yakasafishwa na moto, yakapangwa na mwendo wa ng'ombe waliohama na msimu, na kulindwa na mfugaji ambaye kwa mila yake hakuona fahari kula nyama ya porini. Uwindaji katika nchi hii ulikuwa zaidi wa Waaweer wa msitu wa Boni, nao walikuwa wachache. Hirola hakuwahi kujenga chochote. Alikuta nyumba imejengwa na wenyeji wenzake, akaishi ndani yake, na walipoondoka mmoja mmoja akabaki ndani ya nyumba inayobomoka.

Fuko amejenga nyumba yake mwenyewe, na kila anachohitaji kimo ndani yake. Mahandaki ya kundi moja yanaweza kufika kilomita tatu au zaidi ukiyaunganisha. Chakula chake ni viazi vya mimea ya porini inayohifadhi maji chini ya ardhi ili kuvuka kiangazi. Kimoja cha aina kubwa kinaweza kufika uzito wa kilo 50. Fuko hakimalizi. Hukitoboa, hula nyama ya ndani, huacha ganda likiwa zima, na kiazi huendelea kukua huku wakikirudia kwa miezi. Maji hanywi, huyapata humo humo. Joto la mwili wake hufuata joto la shimo, naye huokoa nguvu ambazo mnyama mwingine angezitumia kujipasha au kujipoza. Sotoka haimhusu. Ndovu akiwepo asiwepo, kwake ni mtikisiko wa dari. Hata nyasi zikigeuka kichaka, mradi udongo haujalimwa na viazi vipo, maisha yanaendelea.

Tofauti, kwa hiyo, iko katika utegemezi. Nasema hivi nikijua kwamba mtu wa uhifadhi anaweza kunikumbusha kwamba fuko naye hutegemea mvua iliyolainisha udongo, maana kuchimba kwenye udongo mkavu humgharimu nguvu kuliko anachopata, na makundi huchimba zaidi baada ya mvua. Ni sawa. Lakini kungoja mvua ni kitu kimoja, na kungoja ndovu, ng'ombe, moto, amani na serikali ni kitu kingine.

Hesabu za uzazi zinapotosha hapa, na zimewapotosha wengi. Hirola jike huzaa ndama mmoja, kwa kawaida kati ya Septemba na Novemba, akilenga majani ya deyr. Malkia wa fuko hubeba mimba ya siku 70 hivi na kuzaa wastani wa watoto kumi na kitu. Mzao wa 28 umewahi kuandikwa. Ukiishia hapo utasema fuko amejaa kwa sababu anazaa sana. Lakini katika kundi la fuko 80 anayezaa ni mmoja, na majike wengine wote wamezuiwa na kuwepo kwake. Kundi la hirola lenye majike ishirini linaweza kupata ndama ishirini kwa msimu mmoja. Uzazi wa nyumba hizi mbili haupishani sana kama inavyodhaniwa. Kinachopishana ni kifo. Hirola jike hujitenga na kundi anapozaa na kukaa peke yake na mtoto wake wiki mbili hivi, na katika nchi iliyojaa vichaka huo ndio muda ambao fisi na duma hufanya kazi yao. Watoto wa fuko hulala chumbani katikati ya ngome, wamefunikwa na miili ya dada zao.

Sasa tugeukie fedha, kwa sababu huko mambo yamepinduka. Hirola, maskini wa idadi, ndiye aliyeleta kitu Garissa. Fuko, tajiri wa idadi na wa sifa, hajaleta senti.

Mwaka 1996 jambo lilitokea ambalo lingepaswa kufundishwa katika kila somo la uhifadhi Kenya. Serikali ilikuwa imeshawahi kuwahamisha hirola wachache kwenda Tsavo Mashariki mwaka 1963, na sasa Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, liliamua kuwapeleka wengine. Wakazi walikataa. Walikwenda Mahakama Kuu, wakasema wanyama hawa ni sehemu ya ardhi yao na hakuna aliyewauliza, na mahakama ikawapa amri ya kulizuia shirika lisiendelee kuwaondoa, ingawa baadhi walikuwa wamekwisha kupelekwa. Hoja iliyokubaliwa ilikuwa kwamba kwa sheria ya kimila, mwenye haki ya kutumia ardhi ana haki pia katika matunda yake, na wanyama wamo. Fikiri kidogo: mahali pengi nchini watu huiandikia KWS wakiomba iondoe wanyama. Hapa watu walishitaki ili wanyama wabaki. Kuna wafugaji wa Ijara, kusini mwa kaunti, wanaoona hirola akila karibu na ng'ombe wao ni heri, na wenye mtazamo huo hawakuhitaji semina ya siku tatu hotelini.

Kutokana na moyo huo ikazaliwa Ishaqbini, hifadhi ya jamii upande wa mashariki wa Tana katika Ijara, inayoungwa mkono na watu wa Hara, Korissa na Kotile na kusaidiwa na muungano wa hifadhi za jamii wa kaskazini, Northern Rangelands Trust. Mwaka 2012 walijenga ndani yake uzio wa kuzuia wanyama wakali, wenye eneo la kilomita za mraba 27 hivi, wakaingiza hirola 48. Ndani ya miaka michache walizidi mia moja. Hifadhi ya Arawale, iliyotangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama huyo huyo na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 533, haikuwahi kufanya kitu kama hicho. Ilibaki mistari kwenye ramani, na usalama ulipoharibika hata walinzi hawakuwapo. Uhifadhi ulishindwa mikononi mwa serikali yenye ramani, ukafanikiwa mikononi mwa wanavijiji wenye uzio.

Kwa upande wa fuko, malkia wa makundi makubwa ya maabara ni vizazi vya wanyama waliokamatwa Kenya, baadhi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo hapakuwa na mkataba uliodai kugawana faida. Mkataba wa Bayoanuwai ulikuja mwaka 1992, ule wa Nagoya kuhusu kugawana faida mwaka 2010, mwaka ule ule ambao Katiba ya Kenya, kifungu cha 69, iliitaka serikali ihakikishe mgawanyo wa haki wa faida zitokanazo na maliasili. Yote hayo yalichelewa kwa fuko aliyekwisha kupanda ndege. Kenya iliwahi kulumbana na ng'ambo kuhusu vijidudu vya Ziwa Bogoria na vimeng'enya vilivyotokana navyo, kwa hiyo malalamiko ya aina hii si mageni. Kwa maoni yangu, kudai malipo ya fuko waliozaliwa Texas au Berlin kizazi baada ya kizazi ni kukimbiza moshi. Kinachowezekana ni kidogo lakini ni halisi: maswali ambayo maabara haiwezi kuyajibu yako porini, na pori liko hapa. Mahandaki ya Ijara yana kina gani? Viazi gani vinaliwa? Makundi huhama lini? Chuo Kikuu cha Garissa kipo mahali ambapo mtafiti wa Illinois anahitaji viza na ulinzi wa polisi kufika. Mwanafunzi wa Garissa anahitaji bodaboda.

Isitoshe, macho ya dunia ni kitu cha ajabu. Machi 2020 twiga weupe wawili, mama na ndama, walipopatikana wameuawa Ishaqbini, habari zilizunguka kila bara kwa siku moja. Hirola, ambaye hifadhi nzima ilijengwa kwa ajili yake, alipata sentensi ya tatu au ya nne katika habari hizo. Weupe wa twiga ni hitilafu ya rangi. Twiga wa kawaida wa jamii ile ile wapo maelfu.

Nirudi kwenye uzio, kwa kuwa ndiyo hoja inayogawanya watu wenye nia njema. Uzio wa Ishaqbini, ukiutazama kwa jicho la kulinganisha, ni jaribio la kumfanya hirola aishi kama fuko. Amejengewa ngome. Adui amezuiwa nje, ndama wanalala salama, idadi imepanda. Lakini fuko ndani ya ngome yake ana chakula kinachojirudishia, na hirola ndani ya uzio ana nyasi zilezile za nchi nzima, zinazovamiwa na miti ileile, pasipo ndovu. Ukame ukija hawezi kuondoka. Lazima binadamu afanye kazi ya ndovu kwa panga, na ndiyo kazi ambayo Mpango wa Uhifadhi wa Hirola umekuwa ukiwalipa wanavijiji kuifanya nje ya uzio: kukata miti vamizi, kupanda mbegu za nyasi za asili, kuwapokea ndovu wachache wanaorejea. Kazi ni ya polepole, haina picha nzuri, na nadhani ndiyo yenye maana zaidi. Uzio unaongeza hirola. Nyasi zinaongeza mahali pa kuishi hirola.

Kuna jambo la pili ambalo fuko analifundisha kuhusu ngome. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba makundi ya fuko huoana ndugu kwa ndugu bila kikomo, kwamba ngome yao imefungwa moja kwa moja. Stan Braude, aliyewaweka alama na kuwafuatilia maelfu yao katika Hifadhi ya Meru tangu mwaka 1986, alionyesha mwaka 2000 kwamba makundi mapya porini huanzishwa na fuko walioacha nyumbani na kukutana na wasio ndugu zao. Utafiti mwingine wa mwaka 1996 ulishawaeleza wasafiri hawa: huwa wanene, wavivu wa kazi za nyumbani, na wanavutiwa na harufu ya wageni. Kumbe hata mnyama aliyejifungia kuliko wanyama wote wa kunyonyesha huacha mlango wa watoto kutoka.

Hirola wa Ishaqbini wametokana na 48, na hao 48 walitoka eneo moja. Wa Tsavo wametokana na kundi dogo la 1963 na nyongeza ya 1996, na tangu hapo hawajaonana na jamaa zao wa Garissa. Wa porini, nje ya uzio, wametawanyika Ijara na Fafi katika vikundi vinavyozidi kutengana kadiri vichaka vinavyofunga na barabara ya Lamu kwenda Garissa inavyopanuka. Makundi haya matatu yakiendelea bila damu mpya, damu ya karibu itaanza kudhoofisha ndama kimyakimya, na uzio hautasaidia. Madume wachache watahitaji kusafirishwa, kutoka Tsavo kuja Ijara na kutoka Ijara kwenda Tsavo. Kwa upande wa utaalamu wa mifugo hilo linawezekana, ingawa hirola ni mwepesi wa kufa kwa hofu anapokamatwa. Kwa upande wa haki, amri ya 1996 inatuonyesha njia: gari la kwanza haliwezi kupakia mnyama kabla wazee wa Hara, Korissa na Kotile hawajaketi na kukubaliana ni dume yupi anaondoka, yupi anakuja badala yake, na nani atakuwepo kushuhudia akishushwa.